Nusu ya Santuri Iko Kwetu
Mhadhara juu ya kufufua na kutoa upya nyimbo za zamani za ukanda wa shaba



Somo la jioni hii ni santuri za zamani, na namna zinavyosafishwa na kutolewa upya katika CD. Wengi wanapofikiria kazi hii huona mashine, sindano na kompyuta katika studio ya ng'ambo. Nitayaeleza hayo, kwa sababu yana mengi ya kutufundisha. Lakini hoja ninayokuja kuitetea ni hii: kufufua santuri adimu ni kazi yenye nusu mbili. Nusu ya kwanza ni sauti, iliyonaswa katika mifereji ya sahani na kufunikwa na mikwaruzo ya miaka sabini. Nusu ya pili ni maarifa ya watu: nani aliimba, aliimba wapi, gitaa lilityuniwa vipi, chombo gani kinasikika nyuma ya sauti, maneno yale yalikuwa yakimwambia nani nini. Nusu ya kwanza imefanywa Ulaya na Marekani, na mara nyingi imefanywa kwa uangalifu mkubwa. Nusu ya pili haiwezi kufanyika mahali pengine popote isipokuwa hapa, kati ya Kolwezi, Likasi, Lubudi na Dilolo. Na nitaonyesha kwamba bila nusu hii ya pili, hata ile ya kwanza hupotoka.

Tuchukue mfano mmoja unaoweza kufuatwa hatua kwa hatua. Jean-Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Bunkeya ndiyo iliyokuwa makao ya Msiri, aliyetoka Unyamwezi katika Tanzania ya leo, akajenga dola ya Wayeke kwenye njia za biashara ya shaba na pembe za ndovu. Tangu mikoa ilipogawanywa mwaka 2015, Bunkeya imo ndani ya Lualaba, katika wilaya ya Lubudi; kwa hiyo Mwenda ni wa mkoa huu kwa kuzaliwa. Mwaka 1952 alipiga gitaa mbele ya kipaza sauti cha mtafiti wa muziki Hugh Tracey mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Wimbo wake "Masanga" ukatolewa katika santuri ya Gallotone, lebo ya kampuni ya Gallo ya Johannesburg, ukasambaa Afrika ya kati, kusini na mashariki. Mwaka 1959 alikwenda Nairobi, akakaa miezi kadhaa akipiga redioni katika matangazo ya dawa ya Aspro, na wapiga gitaa wa Kenya wakaisoma kwa makini kazi ya kidole gumba na kidole cha shahada. Mtaalamu David Rycroft akaandika upigaji wake noti kwa noti katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Akafariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Ni wapiga gitaa wachache wa kizazi chake barani waliochunguzwa kiasi hicho, na bado, kama tutakavyoona, kuna mambo katika santuri zake ambayo uchunguzi wa mbali hauwezi kuyamaliza.

Santuri ya wakati ule ilikuwa sahani ya inchi 10, inayozunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi. Iliundwa kwa shelaki, utomvu utokanao na wadudu wa Asia ya kusini, uliochanganywa na unga wa mawe. Ilikuwa ngumu, lakini ikianguka sakafuni ilivunjika. Ili kuichapa, sauti ilichongwa kwanza katika sahani laini, kisha sahani hiyo ikavikwa tabaka za metali kwa nguvu ya umeme, na katika metali hizo shaba ilikuwa na nafasi yake. Hapo ndipo ilipotoka chapa ya kugandamizia santuri. Chapa hiyo ikibaki, mhandisi wa leo ana bahati kubwa, kwa sababu mifereji yake haijawahi kuguswa na sindano ya gramafoni. Lakini makampuni mengi ulimwenguni yaliziyeyusha chapa zao ili kuuza metali. Ikishapotea chapa, hubaki tepe ya asili, kama ilikuwepo na kama ilitunzwa. Ikikosekana tepe, hubaki sahani yenyewe, iliyochezwa barazani na kwenye baa kwa sindano za chuma mpaka ikachakaa.

Kazi ya kuiokoa sahani kama hiyo huanza na maji. Sahani ya shelaki huoshwa kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yenye matone machache ya sabuni laini, kwa brashi inayofuata mzunguko wa mifereji. Spiriti haitumiki kamwe, kwa kuwa huiyeyusha shelaki, na kitambaa kimoja chenye spiriti kinaweza kufuta kilichovumilia nusu karne. Kisha huja sindano. Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana karibu mara tatu ya ule wa sahani za plastiki zilizokuja baadaye. Sindano yake huwa na ncha ya maikromita 75 hivi, na ile ya sahani ndefu 25. Fundi mzuri ana sindano za ukubwa mbalimbali. Kama ukuta wa mfereji umeliwa kwa juu, huchagua sindano inayokaa chini zaidi, mahali ambapo chuma cha zamani hakikufika, na wimbo uliosikika kama mchanga unaomwagika huanza kutoa sauti ya mtu. Hapo ndipo unaponakiliwa katika kompyuta, kwa kipimo kilicho juu kuliko cha CD: biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, wakati CD huchukua biti 16 na sampuli 44,100. Nakala hiyo ghafi hufungwa bila kuguswa. Usafishaji wote hufanyika juu ya nakala ya nakala, ili kosa la fundi wa leo lisiwe hasara ya fundi wa kesho.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya ufundi, na ufundi hauna kijiji. Lakini tazameni jambo la mwendo. Mashine za kuchongea hazikuzunguka zote mara 78 kamili. Sahani iliyochongwa kwa mizunguko 76 ikichezwa kwa 78, wimbo wote hupanda karibu robo toni: mwimbaji huwa kijana kuliko alivyokuwa, na vidole huonekana vikikimbia. Fundi atajuaje? Kwa okestra ya Ulaya angepima kwa sauti ya kawaida ya ala zake. Kwa gitaa la Katanga kipimo hicho hakisaidii, maana mpigaji alityuni kwa kufuata koo lake, na mara nyingi alifunga kapo, yaani kibanio cha nyuzi, kwenye shingo ya gitaa kwa kijiti au kalamu na kipande cha mpira. Mlio wa umeme unaovuma nyuma ya rekodi unaweza kumwongoza fundi pale unaposikika. Usiposikika, anayeweza kusema kwamba gitaa hili linakimbia kupita kiasi ni mtu aliyelipiga, au aliyecheza dansi mbele yake.

Tazameni pia chupa. Katika mtindo wa gitaa wa Katanga wa miaka ya 1950, mpigaji alifuatana mara nyingi na mwenzake mwenye chupa tupu ya soda, aliyeigonga kwa msumari au kisu. Mlio huo wa kioo ndio uti wa mgongo wa mdundo. Sasa, programu za kuondoa mikwaruzo zimetengenezwa ili zitafute kila mlio mkali, mfupi, unaoanza na kuisha ghafla, na kuufuta. Mkwaruzo wa sahani uko hivyo. Mlio wa msumari kwenye chupa uko hivyo pia. Fundi asiyejua kwamba pale pana chupa atasogeza kidhibiti mpaka "uchafu" uishe, naye atakuwa amemtoa mwanamuziki mmoja katika kundi. Ndivyo ilivyo kwa likembe, ala ya vidole gumba, ambayo wapigaji wengi huifungia vipete vya chuma ili kila noti itoe mvumo, na kwa marimba zenye utando unaonguruma katika vibuyu. Mvumo ule unatafutwa makusudi. Ni sehemu ya utamu. Sikio lililofundishwa kupenda sauti kavu na safi huusikia kama kasoro ya mtambo. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama: kuamua lipi ni kelele na lipi ni muziki ni uamuzi wa mtu anayeujua muziki huo, na kompyuta haina pa kuupata isipokuwa kwake.

Nisieleweke kwamba nawadharau waliofanya kazi hii mbali. Tuna deni kwao. Michael Baird, mpiga ngoma aliyezaliwa Zambia na kuishi Uholanzi, alizitoa tepe za Tracey zilizohifadhiwa ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, akazichapisha katika mfululizo wa CD wa SWP Records. CD moja ya mfululizo huo inahusu asili ya gitaa la Kongo ya kusini na Zambia ya kaskazini, na nyingine inahusu Wakanyok na Waluba. Mjini Frankfurt, Günter Gretz alitoa upya nyimbo za lebo ya Ngoma ya Léopoldville (Kinshasa ya leo), iliyoanzishwa mwaka 1948 na Mgiriki Nico Jeronimidis. Mjini Brussels, kampuni ya Crammed ilitoa mwaka 1991 nyimbo za miaka ya 1953 na 1954 zilizorekodiwa Léopoldville, mkusanyaji akiwa Vincent Kenis. Wolfgang Bender alianzisha hifadhi ya muziki wa Afrika katika Chuo Kikuu cha Mainz mwaka 1991. Bila watu hawa, nyingi ya sauti hizo zisingesikika leo. Ninachosema ni kwamba waliifikisha kazi mahali ambapo mtu wa mbali anaweza kuifikisha, na kuanzia hapo njia inapita kwetu.

Kama kuna anayedhani kwamba sauti ikiokolewa basi yote yameokolewa, na atafakari Missa Luba. Misa hiyo iliimbwa Kamina mwaka 1958 na kwaya ya wavulana na walimu iliyoundwa na padri Guido Haazen, Mfransiskani wa Ubelgiji. Kwaya ilisafiri Ulaya mwaka huo huo, Philips ikatoa santuri, na sehemu ya misa hiyo ikatumiwa katika filamu ya Kiingereza "If...." ya mwaka 1968. Baadaye ikatolewa katika CD. Sauti hii haikuwahi kupotea, imezunguka dunia. Na misa yenyewe ilikua kwa ubunifu wa pamoja, waimbaji wakijenga juu ya nyimbo za kwao. Lakini jina linalojulikana na kutajwa kila mara ni la padri. Wale waliotunga kwa vinywa vyao, katika mji ulioungana nasi kwa reli, wamebaki kuwa "kwaya". Kwa hiyo adimu katika santuri za ukanda huu si lazima iwe sauti. Mara nyingi kilicho adimu ni jina, maana, na uhusiano wa wimbo na watu wake.

Lugha ni sehemu kubwa ya hasara hiyo. Nyimbo za gitaa za ukanda huu ziliimbwa kwa Kiswahili cha Katanga, zikichanganywa na Kisanga, Kiluba, Kibemba na maneno ya kazini ya Kifaransa. Mwandishi wa kijitabu aliye mbali, akimpa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa kazi ya kutafsiri, hupata maneno yaliyosahihishwa au nafasi zilizoachwa wazi. Jina la kambi huonekana kama jina la mtu. Utani wa ukoo na ukoo huonekana kama tusi. Wimbo wa kumlilia ndugu aliyefukuzwa kazi huitwa wimbo wa mapenzi. Wala hatuna sababu ya kuona haya kwa Kiswahili chetu. Johannes Fabian, aliyefanya utafiti hapa Kolwezi miaka ya 1966 na 1967 juu ya vuguvugu la kidini la Jamaa, aliandika maneno ya watu wa Katanga kama yalivyosemwa, bila kuyanyoosha, na baadaye maandishi ya aina hiyo yakachapishwa kama kumbukumbu halali ya kisomi. Mwaka 2003 kikatoka kitabu cha Kifaransa juu ya muziki wa mijini wa Katanga kilichohaririwa na Bogumil Jewsiewicki, ambaye pamoja na wasomi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amekusanya kumbukumbu za watu wa kawaida wa mji ule. Njia imekwisha kusafishwa. Kilichobaki ni kuipitisha Lualaba, na kuielekeza kwenye santuri.

Hapa Kolwezi hasara ina sababu zake. Mji huu ulikua kwa kambi za kampuni ya madini ya Union Minière, ambako mfanyakazi mwenye mshahara wa kila mwezi aliweza kununua gramafoni na santuri. Kwa hiyo sahani zilikuwepo. Kisha ikaja vita ya Mei 1978, waasi walipouvamia mji. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, jambo lililoivunja mgongo Gécamines, kampuni ya taifa iliyoirithi Union Minière, na mishahara pamoja nayo. Ukaja uporaji wa mwaka 1991. Na mwaka 1992 na 1993 maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa, zikakaa kwenye vituo vya treni na mizigo waliyoweza kubeba. Anayekimbia na watoto habebi sahani za shelaki. Wala nyumba iliyouza viti vyake ili ipate unga haikuwa na sababu ya kubaki na gramafoni. Tukijua hivyo hatutashangaa kwamba tepe ziko Afrika Kusini na Ubelgiji, na tutajua pia kwamba kilichobaki hapa kimo vichwani mwa watu kuliko makabatini.

Sasa nijibu pingamizi. La kwanza husema: nani bado ana mashine ya CD? Nyimbo ziko mtandaoni, kijana huzipata kwenye simu na kumtumia mwenzake. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini angalieni kinachofika kwenye simu ile: faili lenye jina lililokosewa, mwaka usiojulikana, mwendo usiopimwa, sauti iliyobanwa mara tatu. Faida ya CD, tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, haikuwa plastiki yake. Faida yake ni kwamba ililazimisha mtu kufanya toleo: kuchagua nyimbo, kuzipanga, kuandika kijitabu, kutia jina lake na kuwajibika kwa makosa. Toleo hilo linaweza kuwekwa katika CD, katika kadi ya simu au katika tovuti, na mimi sitagombania chombo. Ninachogombania ni toleo. Tena CD nazo huharibika, hasa zile za kuchomea nyumbani, kwa hiyo nakala ghafi ihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja, na mahali pamoja pawe hapa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Husema kwamba santuri hizi ni chaguo la mkoloni. Tracey alichagua alichokiona kuwa cha Kiafrika halisi. Makampuni yalichagua kilichouzika. Union Minière ilisimamia hata burudani ya wafanyakazi wake. Mwenda mwenyewe alipigia dawa ya viwandani. Kwa nini tuendeleze masikio yao? Najibu kwamba pingamizi hili lina haki katika sababu zake na linakosea katika hitimisho. Kuacha kutoa nyimbo hizo kungewanyamazisha wapigaji kwa kosa la aliyeshika kipaza sauti. Dawa ni kusema wazi katika kila toleo nani alirekodi, kwa ajili ya nani, na nini kiliachwa nje. Na kilichoachwa ni kingi: nyimbo za mama katika mikutano ya Jamaa, lile vuguvugu lililoanzia Ruwe, karibu na hapa, kwa padri Placide Tempels mwaka 1953, nyimbo za misiba, ngoma za Walunda na Wachokwe za upande wa Sandoa, Kapanga na Dilolo. Mzee anayesikiliza santuri ya mwaka 1957 na kusema, "Hawa tuliwajua, lakini bora kuliko wote hakurekodiwa," ametupa sentensi ambayo inapaswa kuchapishwa ndani ya kijitabu.

Pingamizi la tatu hutoka kwa watu wenye uchungu wa kweli. Mji hauna maji ya kutosha, vijana wanachimba kobalti kwa mikono, vumbi la malori limefunika nyumba. Na ninyi mnazungumza juu ya nyimbo? Sitalidharau swali hili. Kama ingekuwa lazima kuchagua kati ya kisima na santuri, ningesema kisima. Lakini hatulazimishwi kuchagua hivyo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inayataka makampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa miradi ya jamii, na mauzo ya migodi ya Lualaba ni makubwa. Chumba kimoja cha kusikilizia katika maktaba ya umma, chenye kompyuta, spika nzuri na mwandishi anayelipwa, ni gharama ndogo mbele ya mafungu hayo. Ombi hilo lipelekwe mbele ya kamati zinazopanga miradi, lijadiliwe hadharani pamoja na visima na madarasa. Na kuna sababu ya kulipeleka. Watu wanaohamishwa kila mara mgodi unapopanuka wanahitaji pia kumbukumbu ambayo tingatinga haliwezi kuifukua.

Linabaki suala la umiliki, na hapa lazima tuwe makini na mfano tunaoupenda sana. Ni rahisi kusema kwamba nyimbo zilichukuliwa kama shaba, ghafi, zikasafishwa ng'ambo na kurudishwa kwa bei. Mfano huu una ukweli ndani yake, lakini unavunjika mahali muhimu. Shaba ikiondoka huacha shimo; sauti ikinakiliwa, nakala na asili hubaki zote mbili. Kwa hiyo hatuna haja ya kudai tepe za ILAM ziondolewe katika ghala lenye ubaridi na watunzaji waliofundishwa ili zije kuharibika kwetu. Tunachoweza kudai ni kikubwa kuliko hicho: nakala kamili ghafi, haki ya kuzitumia katika elimu, na mgao wa mapato kwa warithi. Mkataba wa Berne unalinda kazi ya mtunzi kwa miaka isiyopungua 50 baada ya kifo chake. Kwa Mwenda, aliyefariki 1990, hiyo ni mpaka mwisho wa 2040. Ukongwe wa sahani hauzifanyi nyimbo zake kuwa mali isiyo na mwenyewe. Na anayetaka kulipa kwa haki hawezi kumpata mrithi kama jina kwenye lebo limeandikwa nusu. Utafiti wa majina, ambao huonekana kuwa kazi ya wapenda historia, ni msingi wa malipo.

Je, inawezekana? Jirani zetu wameonyesha. Mjini Nairobi, Ketebul Music imetoa matoleo ya muziki wa benga na wa Wakikuyu yenye CD, filamu na vitabu vya maelezo vilivyoandikwa kwa kuwauliza wanamuziki wenyewe na jamaa zao. Taasisi hiyo ilishirikiana na ILAM kurudisha kwa Wakipsigis rekodi ambazo Tracey alizifanya huko mwaka 1950, na katika kazi hiyo wakawakuta baadhi ya waliorekodiwa wakingali hai. Walirudi na maelezo ambayo kadi za maktaba hazikuwa nayo. Hawakuwa na utajiri wa madini. Walikuwa na orodha, spika ya kubebeka, watu wanaojua lugha, na subira ya kukaa na wazee.

Kwa hiyo napendekeza tuugeuze mpangilio wa kazi. Desturi ni kwamba fundi husafisha sauti kwanza, toleo hutoka, na wenyeji huitwa mwishoni, kwenye uzinduzi, kama wageni. Sisi tuanze na wenyeji. Shule na parokia za Manika na Dilala ziandae vikao vya kusikiliza: nakala ghafi ichezwe, pamoja na mikwaruzo yake, mbele ya wazee wa Musonoi, Ruwe na Luilu, wanafunzi waandike majina ya watu, kambi, ala na maneno kama yanavyotamkwa, majibu yanayopingana yaandikwe yote mawili. Maandishi hayo yapelekwe kwa fundi kabla hajagusa kidhibiti chochote, ili ajue chupa iko wapi na gitaa lilikuwa likienda vipi. Kijitabu kichapwe kwa Kiswahili chetu kwanza, kisha Kifaransa. Mashine, fedha na mikataba tutaendelea kuvitafuta, na vitapatikana mapema au kwa kuchelewa. Lakini aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1957 sasa anakaribia 90. Kikao cha kwanza hakihitaji zaidi ya simu yenye nyimbo chache, spika, daftari na kalamu. Naomba kifanyike mwezi huu.